Haule na Kihwele, Sehemu ya Saba

Mimi sina kifua cha kuficha mambo, kwa hiyo naanza na lililo baya. Aliyemfukuza Mwalimu Kihwele kwa ufagio ni mimi, Kunegunda, mke wa Saimon Haule, Mama Leticia kwa majirani. Sikutumwa na mtu. Nilimtoa sebuleni hadi barabarani, mtaa wetu wote wa Lizaboni ukashuhudia, na siku ile nilijiona mwanamke shupavu kweli.

Mume wangu ni mtafsiri wa filamu. Nyuma ya nyumba tuna banda la video, mabenchi kumi na mawili, runinga moja kubwa na maiki. Filamu ni ya Kiingereza, sauti inapunguzwa, Saimon anakaa pembeni na kutueleza kila kitu kwa Kiswahili. Kiswahili kikimwishia anachomekea Kingoni. Watu hawaji kuangalia filamu jamani, wanakuja kumsikiliza yeye.

Na filamu wanayoipenda kuliko zote ni ile ya mapolisi wawili, mmoja mrefu na mmoja mnene. Ina zaidi ya miaka ishirini sasa, na ilikuwa imefika sehemu ya sita. Majina yao ya Kizungu siyajui, maana Saimon aliwabatiza tangu siku ya kwanza. Yule mrefu, mkavu, wa kununanuna, akampa jina lake mwenyewe, Haule, Mngoni. Yule mnene anayeongea mpaka akiwa amefungwa kamba, anayeogopa lifti, akamwita Kihwele, Mhehe. Sababu ni kwamba benchi la mbele alikuwa amekaa rafiki yake, Mwalimu Aidan Kihwele, mtu wa Iringa aliyeletwa kufundisha Songea, akaoa huku na akabaki.

Wangoni na Wahehe ni watani. Mababu walichomana mikuki, wajukuu wanachomana maneno, kwamba Mhehe anakula mbwa na Mngoni anakula panya, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Basi Kihwele wa kwenye filamu akikimbia risasi, Saimon anasema hakimbii risasi, kamwona mbwa mnono ng'ambo ya barabara. Banda zima linamgeukia Mwalimu. Mwalimu anasimama na kujibu kwamba afadhali mbwa ana minofu, kuliko panya wa Wangoni ambaye mkia ndio mlo wenyewe. Filamu inaendelea.

Watu walizeeka pamoja na mapolisi wale. Jirani yangu Asma, fundi cherehani, sehemu ya kwanza aliiona akiwa hajaolewa. Ya sita alikuja na binti yake wa sekondari. Haule alipofiwa na mke katika sehemu ya nne, Asma alilia, akafunga cherehani siku mbili, na mteja aliyekuja kudai gauni lake aliambiwa hana utu.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana Saimon akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mdomo ukaenda upande. Daktari alituambia waziwazi kwamba akili yake ni nzima na maneno yapo, ila ajilazimishe kusema kila siku, hata vibaya. Akikaa kimya miezi mingi, maneno yatazidi kumponyoka. Saimon akarudi nyumbani na kufunga mdomo. Mtu aliyeongea kwa niaba ya mapolisi, majambazi, wake zao na hata farasi, hakusema hata jina langu.

Wageni walikuja kwa mafungu. Wanajumuiya, wanakwaya, wateja wa banda. Walishusha sauti kama wako mbele ya tabernakulo. "Pole Baba, unaendeleaje?" Nami najibu, "Anaendelea vizuri, jana kamaliza bakuli la uji." "Anasikia maumivu?" "Hapana, usiku tu mkono unamsumbua." Wakitoka wanafuta machozi mlangoni. Nilikuwa napika, namwogesha, namgeuza, na majibu yote natoa mimi. Nilichoka, lakini nilisema ndiyo ndoa.

Siku tatu baada ya kutoka hospitali ndipo akaja Mwalimu Kihwele. Hakubisha hodi. Aliingia mikono kichwani, analia kama yuko msibani, "Uwii! Mngoni amekwenda! Panya wa Ruvuma nzima leo wanacheza ngoma!" Kisha akatoa futikamba mfukoni, akaanza kumpima Saimon pale kitandani, kichwa mpaka miguu. "Shemeji, mbao hazitoshi," akaniambia. "Huyu itabidi tumkunje."

Yesu na Maria! Naijua mila, msinifundishe. Baba yangu alipozikwa, mtani aliingia kaburini akalala, akagoma kutoka mpaka akapewa kuku, na nilicheka huku nalia. Lakini siku ile moyo ulikuwa hauna nafasi ya mzaha. Nilimtazama Saimon, nikaona uso wake umejikunja wote, nikajua anaumia. Ndipo nikakamata ufagio. Mwalimu hakukanyaga tena kwetu.

Miezi saba ikapita. Saimon kimya. Banda limefungwa. Kila asubuhi nilikuwa namtazama mdomo, nahesabu siku, nikikumbuka maneno ya daktari.

Mwezi wa sita, baridi ya Songea imekolea, Abasi anayeuza nyimbo na filamu pale Msamala akaniletea flashi. "Mama Leticia, sehemu ya saba hii. Wanasema ndiyo ya mwisho." Nikamwambia airudishe alikoitoa. Jumamosi hiyo Asma akaja kwangu amefura. Alikuwa ameiona kwenye banda lingine, imetafsiriwa tayari na mtu asiyejulikana.

"Mwanzo mpaka mwisho anawaita Maiko na Joni!" akasema. "Joni ni nani? Halafu Haule anaongea kama anasoma taarifa ya habari. Watu wamepiga miluzi mpaka mwenye banda kazima. Dada, sisi watu wetu tunawajua."

Usiku ule sikulala vizuri. Nikawaza, labda Saimon akikaa ndani ya banda lake, akiwaona wale wawili, mdomo utafunguka wenyewe. Na nani atatafsiri? Mimi. Kiingereza changu kinaishia kwenye gudi moningi, lakini miaka ishirini nimesikiliza nikiwa nakata tiketi. Nitashindwaje?

Jumapili alfajiri nikamwita Abasi na flashi yake, na baada ya misa ya pili banda lilijaa hadi mlangoni. Nilimweka Saimon nyuma kwenye kiti chake, nikamfunika blanketi, nikashika maiki.

Filamu inaanza, Haule amezeeka. Nywele nyeupe, anapanda ngazi anapumzika. Benchi zima likaguna, "Masikini, Haule!" Anakwenda kumtafuta Kihwele, ambaye amestaafu na amefungua mgahawa. Mlango unafunguliwa, wanatazamana. Haule anasema kitu. Mimi nikasema kwenye maiki, "Haule anamwambia, ndugu yangu, nimekukumbuka sana, nakupenda kama pacha wangu."

Aaah! Banda liliripuka.

"Haule hawezi kusema hivyo!"

"Miaka yote hajamwambia hata asante!"

"Mama Leticia, huyo atakuwa kalogwa!"

Nikajikaza, nikaendelea. Kihwele anajibu, mimi nikasema, "Kihwele anamwambia pole sana kwa uzee, kaa hapa upumzike, usijichoshe." Mtu akapiga mluzi. Watatu wakasimama wanataka kutoka. Asma akainuka benchi la mbele, mikono kiunoni. "Samahani dada yangu, lakini unatuharibia watu wetu."

"Basi njoo utafsiri wewe!" nikapiga kelele, tena kwenye maiki, masikio yakatuuma wote. Nikasimamisha filamu, nikatoka nje, nikaegemea ukuta nalia kwa hasira na aibu. Saimon nilikuwa nimemchungulia mara ishirini. Alikuwa anatazama magoti yake.

Asma akanifuata. Yeye hana maneno ya kubembeleza, anakata kama anavyokata kitambaa. "Siyo Kiingereza," akasema. "Umemfanya Haule mtu wa kuonewa huruma. Haule anaishi kwa sababu yule Mhehe anamtukana kutwa. Mtoe yule Mhehe, Haule anabaki mzee aliyekaa tu." Kisha akageuka, akatazama ndani, nyuma kabisa, kwenye lile blanketi.

Nakwambia, ule uso uliojikunja kitandani siku ya futikamba ulinijia wazi, nikauona upya. Hakuwa anaumia. Alikuwa anacheka, mume wangu, kicheko cha upande mmoja, na mimi nikashika ufagio.

Nilikwenda hadi kwa Mwalimu Kihwele kwa miguu, kanga imenivuka begani, sijali. Nilimkuta barazani anasahihisha madaftari. Aliponiona akavuta kiti chake nyuma kidogo, kwa tahadhari.

"Shemeji, mkononi umeshika nini?"

"Sijashika kitu. Mwalimu, nilikukosea. Nakuomba uje umtukane mume wangu."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Macho yalikuwa mekundu. "Miezi saba, shemeji," akasema. "Naamka asubuhi sina wa kumtukana. Wangoni wengine nimejaribu, hawana ladha."

Tuliporudi hakuna aliyekuwa ameondoka, hata wale watatu. Mwalimu akapita katikati ya mabenchi moja kwa moja mpaka nyuma.

"Kamwene!" akamsalimu Saimon kwa Kihehe chake, kwa sauti ya paredi. "Kumbe bado unapumua? Na mimi nimeshapiga pasi shati la msiba!" Akalivuta lile blanketi, akalitupa huko. "Nani kamfunika huyu kama ndizi za kuivisha?"

Hakuna aliyecheka. Watu walinitazama mimi. Nikamwambia Abasi awashe filamu.

Wale wawili wakatazamana tena pale mlangoni pa mgahawa. Kihwele wa runingani akafungua mdomo, na Mwalimu, ambaye Kiingereza anakijua, wala hakukitumia. "Wangoni bwana! Njaa imewapiga, mnajifanya mnanisalimia. Jikoni kwangu panya hakuna, ondoka!" Kicheko kikaanza mbele, cha woga. Kisha Haule wa runingani akajibu, na Mwalimu akaisogeza maiki mdomoni kwa Saimon.

Midomo ya runinga inacheza. Maiki inatoa pumzi tu. Nilijikamata mikono isije ikaenda yenyewe kuinyakua ile maiki.

"Mnaona?" akasema Mwalimu. "Mikuki walinyang'anywa na Mjerumani, wakabakiwa na mdomo. Leo na mdomo nao umekwisha. Kabila limefungwa rasmi, wananchi mtawanyike."

"Mmm..." ikasema maiki.

"Rudia, Mzee, Wahehe hatusikii lugha ya nyuki."

"Mmb... mbwa." Saimon alikuwa ametoa jasho, na baridi yote ile. "Mbwa... wa-ko... a-na... ku-i-ta."

Mama wee! Asma alipiga vigelegele, watu wakaruka, benchi likaanguka na watu wake, mzee mmoja akaimba aleluya. Mwalimu Kihwele alijitupa sakafuni, akagaagaa na suruali yake ya Jumapili, "Nimetukanwa! Asante Mungu, nimetukanwa!" Kwenye runinga huko risasi zinalia, magari yanapinduka, mpaka leo hatujui nani alipigwa pale.

Ikabidi Abasi airudishe nyuma. Tuliisimamisha kila Haule alipofungua mdomo. Saimon anatafuta neno, linateleza, analikamata, analitoa limepinda, banda zima linasubiri bila kukohoa, kisha Mwalimu analijibu na watu wanavunjika mbavu. Filamu ya saa mbili ilikula alasiri nzima. Steringi wa filamu hafi, tunajua wote, na Haule hakufa. Nikawasikia wakitoka wanasema huyu Haule wa sasa ni mtamu kuliko wa zamani. "Si amezeeka," alisema Asma. "Mtu mzima lazima aongee taratibu."

Ningependa kuishia hapo. Lakini kesho yake asubuhi nilimwekea Saimon uji, nikakaa mbele yake, nikangoja. Kimya. Anakunywa, ananitazama, kimya. Wivu ukanipanda, sitadanganya.

"Kwa hiyo Mhehe ndiye anayestahili maneno?" nikamwambia. "Mimi niliyekuogesha miezi saba, hata jina langu halisemeki?"

Akaweka kikombe. Mdomo ukaanza kutafuta.

"Uji wa moto?" nikamuuliza. "Unataka sukari? Mkono unauma?"

Akapiga meza kwa mkono wa kushoto, kijiko kikaruka. Nikanyamaza. Nje magari mawili yalipita, akina mama walisalimiana, yeye bado anatafuta.

"Ki-la... ni-ki-ta-ka... ku-se-ma," akasema Saimon, "we-we... u-me-sha... ji-bu."

Jibu langu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Loo, nililimeza, likashuka kama mfupa.

Ndipo tukasikia hodi. Ni Fortunata, mwenyekiti wa jumuiya yetu, na kikapu cha maparachichi. "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," nikaitikia, na hapo nikafunga mdomo.

Akakaa. Akamtazama Saimon kwa ile huruma yao, kisha akanigeukia mimi, kama walivyozoea wote. "Baba anaendeleaje leo?"

Niliuma pindo la kanga. Fortunata akamtazama Saimon, akanitazama mimi, akamtazama Saimon tena. Uji ukaanza kufanya utando. Maneno yalikuwa yamenijaa mpaka puani, machozi yakaanza kunitoka.

"Mama Leticia, mbona hujibu?" akauliza Fortunata, ameshtuka kweli. "Una nini, unaumwa?"

Saimon akainua mkono wake mzima, akamzuia. Akavuta pumzi.

"Mwa-che," akasema. "A-na-ji... fu-nza."