Zamu ya Baba Huseni

Kijana anayeanza kuota ndevu hashibi, na Mwahija hakumlaumu Mungu kwa jambo hilo. Alimlaumu Tawakali. Tawakali ndiye aliyemzaa Huseni, ndiye aliyempa Mwahija talaka mbele ya mashahidi, na ndiye aliyeapa kwa kinywa chake kwamba kila mavuno ataleta mtama wa mtoto. Mavuno ya kwanza alileta. Ya pili alileta kidogo, tena umebunguliwa. Sauti ya Huseni ilipokuwa nzito mtama ukakatika kabisa, na kihenge cha Tawakali hapo hapo Mchinga kilijaa hata panya wake wakaota vitambi.

Hilo Mwahija angeweza kulimeza, maana aliolewa na bahili macho yake yakiona. Lililomkaa kooni ni pamba. Enzi hizo, kabla watu hawajaanza kunong'onezana habari za maji ya dawa, Wadachi, hao Wajerumani, walitoa amri kila nyumba itoe mtu wa kulima shamba la pamba lililosimamiwa na jumbe. Sasa Tawakali alikuwa na kiuno cha ajabu. Siku za bao kilikuwa kizima, siku za pamba kilimuuma asiweze kuinuka kitandani. "Mwanangu atasimama badala yangu," alimwambia jumbe, na Huseni akaenda, kwani baba ni baba. Jioni alirudi kula muhogo wa mama yake, na muhogo wenyewe ulikuwa umezidiwa na magugu kwa sababu mwenye nguvu za kuupalilia alikuwa kwenye pamba.

Jioni moja Huseni aliinama kuchochea moto, shuka ikamteleza begani, na Mwahija akauona mgongo. Alama za kiboko zilipishana, mpya juu ya za zamani.

"Miiba, mama," Huseni alisema na kujifunika upesi.

Pamba haina miiba. Mwahija hakubishana naye. Alileta kibuyu cha mafuta ya nazi akampaka taratibu, na hasira aliyokuwa nayo ilimfurahisha, kwa kuwa alijua ndiyo itakayompeleka kwa jumbe.

Asubuhi alijifunga kibwebwe akaenda barazani. Hakwenda kulia wala kugombana. Alikuwa ameishi na Tawakali miaka ya kutosha kumjua: huyo ukimpigia kelele anakuwa mjanja, lakini mpe watu wa kumsikiliza, ataongea mpaka ajifunge mwenyewe. Na siku hiyo watu walikuwepo, kwa sababu Jumbe Kibwana alikuwa anapanga zamu za pamba. Tawakali alikaa mbele, kofia imenyooka, kiuno hakina neno.

"Shikamoo, Jumbe," Mwahija alisema.

"Marahaba, Mama Huseni. Una shauri?"

"Nina shauri na Baba Huseni. Nimefuata mtama wa mtoto."

Tawakali aliwatazama wazee kwanza, akahakikisha wote wanamsikia. "Mtoto gani, Mama Huseni? Huseni amebaleghe, ana ndevu. Sheria inamtaka baba alee mtoto, haimtaki alee midume. Yule si mtu wa nyumba yangu tena. Anakaa kwako, anakula kwako, ni wa nyumba yako."

Wazee wawili wakatikisa vichwa kukubali. Mwahija aliona raha moyoni kama mtu aliyehisi samaki kwenye mshipi, ila sauti yake ilibaki ya upole.

"Si wa nyumba yako?"

"Nimesema, na ukitaka narudia. Si wa nyumba yangu."

"Basi, Jumbe, umesikia na wazee wamesikia," Mwahija alisema. "Nyumba ya Baba Huseni haijatoa mtu kwenye pamba tangu kazi ianze."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Jumbe Kibwana hakucheka. Alimwogopa akida aliyewekwa na Wadachi juu yake kuliko alivyowapenda watu wake, na nyumba isiyotoa mtu ingemgharimu shingo yake mwenyewe.

"Na nyumba yako je?" alimuuliza Mwahija. "Kama Huseni ni mtu mzima wa kwako, nawe una zamu."

"Zamu yangu Huseni amekwisha kuilima, akalima na isiyo yake. Mimi sidaiwi."

Tawakali alishituka. "Haya, basi ni mwanangu. Nani amekataa? Ni damu yangu."

"Kama ni mwanao, fungua kihenge," Mwahija akamwambia. "Mshika mbili moja humponyoka, Baba Huseni. Chagua mbele ya watu."

Angechagua mtama, mambo yangekwisha. Lakini bahili ni bahili, na tena alikuwa ameaibika. Alisema atalima mwenyewe, kwani pamba ni kitu gani, watoto wanailima.

Alilima siku mbili. Siku ya pili, jua halijatua, Mwahija alimwona anakuja polepole, amejitwika kanda la mtama kichwani. Nguo ilikuwa imemgandia mgongoni kwa damu ya kiboko. Mwahija alikuwa na maneno ya kumwambia, matamu na makali, aliyoyapanga tangu barazani. Tawakali aliutua mtama bila kumtazama, akamwendea Huseni.

"Geuka," alisema.

Huseni alimtazama mama yake. Ndipo kijana akageuka, na baba yake akaishusha ile shuka, akaziona zile alama.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Ulisema kiuno kinakuuma, baba," Huseni akajibu. "Nikaona wewe hutaviweza viboko."

Tawakali aliketi chini, pale pale kwenye vumbi, akaficha uso kwa mikono iliyojaa malengelenge. Mwahija, yale maneno yake yote yakamtoka kichwani. Alimwonea huruma, na akachukia kwamba anamwonea huruma. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha mafuta, akakiweka mbele ya Tawakali.

"Mpake mwanao," alisema.

Akampaka. Na tangu siku hiyo mtama ukaja kila mavuno, na zamu ya pamba Tawakali akaenda mwenyewe, kiuno sasa kikimuuma kweli.