Vidonge vya Ioteba

Kaka yangu Ioteba ana mwaka na miezi miwili kaburini, na bado anagema. Asubuhi na jioni namsikia akiimba juu ya mnazi ulio nyuma ya nyumba, kama mgema yeyote wa kisiwa chetu anavyoimba ili walio chini wajue kuna mtu juu yao. Nikitoka kuangalia, sioni mtu. Chupa yake ya mwisho bado inaning'inia kule, imejaa maji ya mvua na wadudu.

Namwogopa. Tena namwogopa kwa haki, kwa sababu najua anachodai. Ndiyo maana tangu afariki sijameza kidonge hata kimoja cha kisukari, na sasa kidole changu cha mguu kina kidonda kisichofunga. Nakificha ndani ya soksi. Soksi, katika joto hili! Kanisani wananiuliza kama nimepata mume wa Kizungu.

Mimi na Ioteba tulipatikana na ugonjwa siku moja. Muuguzi alitupa vidonge vilevile na maneno yaleyale: dawa na mlo, mlo na kuuchosha mwili, kimoja hakishiki nafasi ya mwenzake. Ioteba alishika yote. Aliacha wali, akaacha sukari, hata tembo tamu alilogema kwa mikono yake hakuligusa tena. Alikula samaki na kipande kimoja cha shelisheli, na akapanda minazi yake tisa mara mbili kwa siku. Mimi nilishika vidonge tu. Nilimeza, kisha nikajipakulia wali na nyama ya kopo, na chai vijiko vinne.

"Dada, utajiua," aliniambia.

"Vidonge ninavyo vya nini? Navipa kazi. Visipopewa kazi vitalala."

Alicheka mpaka akakohoa. Wakati ule maneno yangu yalikuwa yanachekesha.

Kila muuguzi alipopima, sukari ya Ioteba ilikuwa chini, naye akamsifu mbele ya watu wote. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ioteba akaanza kusema kwamba labda dawa haihitaji tena, kwamba minazi inamtosha. Ningependa kuishia hapo, niseme alijiponza mwenyewe.

Lakini meli ilichelewa, na vidonge vikaisha zahanati. Vyangu vilikwisha mapema kuliko vya mtu yeyote, kwa sababu kila palipokuwa na sherehe nilimeza viwili badala ya kimoja ili nile keki kwa amani. Nikaanza kuona ukungu machoni. Nikaenda kwa kaka yangu.

Kwetu kuna ombi linaloitwa bubuti. Ndugu yako akilitamka humkatalii, awe anataka mkeka, nguruwe au mtumbwi, kwa sababu aibu ya kukataa itakufuata mpaka kwa wajukuu. Nilijua hivyo nilipofungua mdomo.

"Ioteba, bubuti. Naomba vidonge vyako."

Alinitazama. "Vyote?"

"Vyote. Wewe una minazi."

"Haya, dada," akasema. "Mimi nina minazi." Akaingia ndani, akatoka na kopo lake, akanipa kwa mikono miwili.

Meli ilikuja baada ya miezi mitatu. Muda wote huo hakuonja hata punje ya wali, na hakuacha kupanda. Haikutosha. Mwili wake ulikuwa unataka vyote viwili, na kimoja nilikuwa nimekila mimi, pamoja na keki. Alikuwa amejikata unyayo kwenye gogo la mnazi, na kidonda kikageuka cheusi. Kule Tarawa, kwenye hospitali kubwa, walimkata chini ya goti, kisha juu ya goti. Mguu ulitangulia kurudi, tukauzika kando ya nyumba. Wiki tatu baadaye tukamzika na mwenyewe ubavuni pake.

Ndipo wimbo ulipoanza. Tangu hapo kila asubuhi nikisikia sauti yake nachukua vidonge vyangu, naviweka chini ya jiwe jeupe upande wa miguu yake. "Chukua chako, kaka," namwambia. Anachukua au hachukui, sijui. Hajawahi kunyamaza.

Juzi Rakera alinikuta. Rakera ni binti yake wa pekee, mwalimu wa shule, anaishi nami. Alikuwa amesimama nyuma yangu na sikumsikia akija.

"Shangazi, unampa baba nini?"

"Maua."

Aliinua jiwe. Chini yake vidonge vingine vilikuwa uji mweupe, vingine bado vizima.

"Maua gani haya, shangazi? Baba hana sukari tena. Hata mguu wake ulizikwa kando."

Nikamwambia. Sikuacha kitu: ombi langu, kopo lake, keki. Nilisubiri anitukane.

"Najua," akasema. "Alinieleza kwenye meli, nilipompeleka Tarawa. Akasema, shangazi yako usimwambie kitu, atashindwa kula. Mimi nilidhani ungeshindwa kula wali. Kumbe ulichoacha ni dawa!" Akalitupa jiwe mchangani. "Nilikuchukia mwaka mzima, shangazi. Bado sijamaliza."

Mnazini wimbo ulikuwa unaendelea. Nilimuuliza kama anasikia.

"Kila siku," akasema.

Akapiga magoti mchangani, akaivua soksi yangu kabla sijamzuia. Aliutazama weusi ulioanza kidoleni. Kisha akaushika mguu wangu kwa mikono yake miwili.

"Shangazi, bubuti."

"Usilitaje neno hilo hapa."

"Bubuti. Naomba mguu huu."

"Mguu?"

"Wote, mpaka pajani. Unanikatalia? Mbele ya baba?"

Nililia kama mtoto, sioni haya kusema. "Chukua," nikamwambia.

"Basi ni wangu. Leo hii unaupeleka zahanati mguu wangu. Vidonge ni vya mguu wangu, usimpe mtu yeyote, awe hai au mfu. Na mguu wangu hautaki chai ya vijiko vinne wala wali. Kidonda kikipona, kila jioni utautembeza mpaka kanisani."

"Na mimi je?"

"Wewe ni wa kuubeba tu."

Alichagua kidonge kimoja kilichokuwa kizima, akakipangusa mchanga, akaniwekea kiganjani. Nilikimeza bila maji, kikanikwaruza koo. Juu Ioteba alikuwa bado anaimba. Nikaondoka polepole kuelekea zahanati, nikitazama kila mahali ninapokanyaga, maana mguu haukuwa wangu.