Aliyeufunga Mtungi

Jofrey Mgaya aliivuta ile tyubu kwa mikono miwili, akaiinua kwenye mwanga, akaikagua kama mtu aliyepewa noti bandia. Alitafuta mipasuko midogo midogo, ile inayojificha kwenye mikunjo. Akainusa. Akaikunja, akaing'ata pembeni.

"Unanunua au unakula?" fundi wa pancha alimuuliza, na wenzake wakacheka.

Walikuwa kando ya barabara kuu pale Makambako, malori yanapopumzika kabla ya kuendelea na safari ya Tunduma. Upepo wa Makambako hauna adabu. Ulimwingia Jofrey kwenye kola ya koti la kazi ukatokea kwenye mikono.

"Hii imezibwa," alisema.

"Tyubu gani ya hapa haijazibwa? Kaka, ukitaka isiyo na historia nenda kiwandani. Unafungia nini, viazi?"

"Mtungi."

"Wa gesi?"

"Wa wagonjwa. Wa oksijeni."

Fundi aliacha kucheka. Akaichukua ile tyubu, akaitupa nyuma ya kibanda, akamletea nyingine nene zaidi, ya lori kubwa. Akaikata vipande virefu, kila kimoja upana wa vidole vitatu. "Ukifunga, vuta mpaka ulie," alisema. "Mpira usiolia haujashika."

Jofrey alilipa kutoka mfukoni mwake. Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa wa kituo cha afya cha kata, huko juu kati ya Makambako na Njombe, na mkanda wa kushikilia mtungi ulikuwa umekatika tangu wakati wa kupanda mahindi. Alikuwa ametoa taarifa, akajibiwa linashughulikiwa. Katika ofisi zetu neno hilo ni godoro. Jambo likilazwa hapo haliamki. Naye alikuwa dereva wa mkataba, na mkataba wake ulikuwa unaisha Juni. Mtu wa mkataba hapigi kelele. Baba yake alipogawa mali, kaka zake walipata shamba la chai na kipande cha misitu ya mipaini. Jofrey aliyekuwa mdogo alilipiwa chuo cha udereva. Wenzake waligawiwa ardhi, yeye akagawiwa leseni. Ikiondoka ile leseni, hana pa kuchomeka jembe.

Aliufunga mtungi mwenyewe jioni ile. Aliuzungusha mpira, akauvuta ukalia, akauzungusha tena.

Wiki chache baadaye nesi Eveline alimfuata kwenye gari, akajifanya anaangalia machela.

"Mikanda yako imekuja," alisema kwa sauti ya chini. "Imeletwa na gari la wilayani. Nimeiona kwa macho yangu. Rangi ya chungwa, ya kuvutika, ina ndoano za chuma huku na huku. Mizuri kweli."

"Iko wapi?"

"Iliingia ofisini kwa Daktari."

Jofrey alisubiri aitwe. Hakuitwa. Akaanza kuitazama mikono ya kila mtu aliyetoka katika ile ofisi.

Jumapili moja ya mavuno, ibada ilipokwisha, waumini walitoka nje kwa ajili ya mnada wa sadaka, kama kawaida ya Walutheri wa huku. Mayai, maharage, maparachichi, jogoo mmoja mwenye hasira. Daktari Kristofa, mfawidhi wa kituo na mzee wa kanisa, alimnunua jogoo kwa bei iliyowafanya kina mama wapige vigelegele, kisha akasema, "Rudisheni mnadani!" Jogoo akauzwa tena. Akamnunua tena, safari hii akampa mwinjilisti. Watu walimpenda Kristofa. Hata Jofrey alikuwa akimpenda, siku za nyuma.

Jofrey hakununua kitu. Alikuwa amesimama karibu na pikapu ya Kristofa, iliyopakiwa viazi na makreti ya maparachichi mpaka juu ya kabini. Mzigo ule ulikuwa umetulia tuli. Umepitishiwa mikanda ya rangi ya chungwa, imevutwa ikakaza, ndoano zimeuma vyuma vya bodi. Jofrey alinyoosha kidole akaugusa mmoja. Ulikuwa mpya, bado una vumbi jeupe la dukani.

Alipogeuka, Kristofa alikuwa nyuma yake.

"Kamwene, Jofrey," alimsalimia kwa lugha ya nyumbani.

"Kamwene, Daktari. Shikamoo."

"Marahaba. Unalipenda gari?"

"Naangalia tu."

"Macho hayana pazia," Kristofa alisema, akatabasamu, akaingia garini.

Kesho yake Jofrey aliitwa ofisini. Hakukaribishwa kiti.

"Jana uliangalia sana," Kristofa alisema huku akifuta miwani. "Una shida gani?"

"Daktari, nilikuwa nauliza kuhusu mikanda ya mtungi. Nimefunga kwa mpira wa tyubu. Baridi ikizidi, mpira unakakamaa."

"Nani kakwambia mikanda imekuja?"

Jina la Eveline lilimfika Jofrey mdomoni, akalimeza.

"Nauliza hivyo kwa sababu kuna watu humu wanasemasema. Wewe gari lako linatembea?"

"Linatembea."

"Mtungi umekaa?"

"Umekaa."

"Basi tusubiri utaratibu. Mkataba wako unaisha mwezi wa sita, siyo? Nimepanga kukuandikia vizuri." Akavaa miwani. "Usije ukaniharibia kazi ya kukuandikia vizuri."

Jofrey alisema ahsante. Alipofika nje alijichukia kwa ile ahsante. Nyumbani alimsimulia mkewe, Rebeka, naye akamwambia aache, mwenye nguvu mpishe, wana watoto wa kusomesha. Tangu siku ile Jofrey akawa anaukagua ule mpira kila asubuhi, na kila asubuhi akiutilia shaka kidogo zaidi. Siku nyingine alihisi kuna mtu ameulegeza. Siku nyingine alihisi ni yeye mwenyewe aliyeufunga vibaya.

Mwezi wa sita uliingia na baridi yake, nyasi zikaamka nyeupe. Alfajiri moja Vestina, mama anayelima viazi upande wa bondeni, alimleta binti yake Peace, mtoto wa darasa la tatu, mbavu zikimwingia ndani kila akivuta pumzi. Nimonia. Eveline alimvisha kinyago cha oksijeni, wakampakia, Vestina akakaa chini karibu na kichwa cha mwanawe, nesi kwenye benchi. Jofrey aliugusa mpira. Ulikuwa mgumu kama ngozi ya ngoma. Akauvuta, ulilia, lakini mlio haukumpendeza. Angefanya nini? Mtoto alikuwa anabadilika rangi. Akafunga mlango.

Kabla ya kufika kwenye lami, kwenye kona ya msitu wa mipaini, lori la nguzo za umeme lilitokea limechukua barabara nzima. Jofrey alikanyaga breki, akaingia kwenye mtaro, akatoka. Nyuma yake alisikia mpira ukikatika. Halafu akasikia kishindo, na Vestina akapiga yowe.

Mtungi ulikuwa umemwangukia Peace mguuni.

Eveline aliunyanyua akaushikilia kwa magoti mpaka Njombe. Mtoto alifika akiwa hai. Nimonia ilitibiwa. Mguu ulikuwa umevunjika sehemu mbili chini ya goti, na madaktari walisema huenda usirudi ulivyokuwa. Jofrey ndiye aliyembeba kuingia wodini. Vestina hakumtazama.

Aliporudi kituoni aliingia nyuma ya gari kuutafuta ule mpira. Alitaka auone mwenyewe, umechanika au umekatwa. Alipapasa chini ya machela, chini ya benchi, mpaka kwenye sanduku la spana. Haukuwepo. Gari lilikuwa limeegeshwa pale Njombe kwa saa kadhaa, na watu wengi walikuwa wamelipitia. Trafiki alikuwa ameichukua leseni yake kwa uchunguzi. Jofrey aliketi kwenye machela, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

Kikao kilifanyika katika chumba cha kliniki ya watoto, chini ya picha za lishe bora. Mzee Polikarpo, mwenyekiti wa kamati ya kituo, aliketi katikati. Kulia kwake Kristofa. Kushoto kwake bwana mmoja kutoka wilayani aliyekuwa na haraka. Eveline aliketi pembeni. Vestina alikuwa kwenye benchi la mbele, mikono ndani ya kanga. Na mezani, ndani ya mfuko wa nailoni, ulikuwa ule mpira.

Kumbe ulikuwa na pa kwenda.

"Huu ni wa nani?" bwana wa wilayani aliuliza.

"Wangu," Jofrey alisema. "Nilinunua Makambako kwa hela yangu, kwa sababu mkanda ulikatika na..."

"Nani alikuruhusu?"

"Hakuna aliyeniruhusu. Nilitoa taarifa, sikupewa kitu."

"Kwa hiyo ulifunga kifaa cha tiba kwa kitu chako binafsi, bila ruhusa."

"Nisingefunga, ungekaa wazi."

"Jibu swali, ndugu dereva."

"Ndiyo."

Jofrey akageuka kwa Mzee Polikarpo. Mzee alikuwa amebatizwa pamoja na baba yake Jofrey. "Mzee, mikanda ilikuja. Ya rangi ya chungwa. Niliiona kwenye gari la Daktari siku ya mnada, imefungia viazi."

Bwana wa wilayani alitazama dirishani, pikapu ilipokuwa. Mzigo wake leo ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani.

"Siku ile ya mnada," Mzee Polikarpo aliuliza taratibu, "wewe ulinunua nini?"

"Sikununua kitu, mzee."

"Hata yai?"

"Hata yai."

"Basi wenzako wanamtolea Mungu, wewe unakagua magari ya watu." Watu wakaguna. Mmoja akacheka. Kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena habari za mikanda.

"Nesi Eveline anajua!" Jofrey alisema, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Ndiye aliyeniambia."

Eveline aliangalia viatu vyake. Alikuwa na mtoto anayenyonya, na wote walijua kwamba wanaosema sana huhamishiwa Manda, huko chini ziwani, siku moja nzima kutoka kwa mume. "Mimi sikumbuki," alisema.

Kristofa alisimama mwishoni. "Mimi sina ugomvi na Jofrey. Ni kijana wetu. Lakini maisha ya mtoto hayafungwi kwa tyubu ya pancha." Alisema kwa huzuni ya kweli, au iliyofanana na kweli. Kina mama walitikisa vichwa. Akaongeza kwamba yeye binafsi atamletea Peace magongo ya kutembelea.

Ndipo Vestina alipozungumza, kwa mara ya kwanza.

"Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Nani aliufunga?"

Jofrey alimtazama. Kulikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa ya kweli.

"Mimi, mama," alisema.

Mkataba haukuongezwa. Leseni ilibaki polisi, uchunguzi unaendelea. Jofrey akawa anabeba mbao kwa siku kwenye kiwanda kidogo cha kupasulia, akirudi na maranda kwenye nywele. Kanisani watu waliacha nafasi pande zote mbili za benchi alipokaa na Rebeka. Watoto wake waliambiwa shuleni kwamba baba yao ni mvunja miguu. Haki ya Mungu, inauma kuona kijiji kizima kikiwa na macho makali kiasi hicho, na yote yameelekezwa kwa mtu mmoja asiye na kitu.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane gari la wagonjwa lilisimama mbele ya nyumba yake, injini ikiunguruma. Akashuka Obed, dereva mpya, mdogo wake mke wa Kristofa.

"Kaka Jofrey, nisaidie. Mtungi unacheza. Njoo unifungie."

"Mikanda?"

Obed alikwepa macho yake. "Linashughulikiwa."

"Nani kakutuma?"

"Daktari kasema wewe unajua kuufunga. Ila nisiseme kwamba kanituma."

Jofrey alisimama mlangoni, hakusogea. Ukikatika, watasema ni yeye aliyeufunga, mtu asiye mfanyakazi, asiye na leseni. Asipoufunga na ukaanguka, watasema aliombwa akakataa. Alimkagua Obed usoni, akitafuta kama ameletwa kumtega, akaona ni woga mtupu, uleule aliokuwa nao yeye. Nyuma yake Rebeka alinong'ona, "Usiende." Kutoka garini ilisikika pumzi ya mtu, ya kukwaruza, kama msumeno butu kwenye ubao.

Akaingia ndani, akatoka na mpira mpya aliokuwa akifungia kuni, akauvuta mara mbili kuujaribu, akaenda kufungua mlango wa nyuma.

Juu ya machela alilala Hosea, mchoma mkaa wa kijiji cha juu, kinyago usoni. Mama yake, mzee mwenye kilemba cheusi, alikuwa ameketi sakafuni akiukumbatia mtungi. Alimwona Jofrey, akauona na mpira.

"Huyu si ndiye?" alimuuliza Obed. "Aliyemvunja mtoto wa Vestina?"

Obed alishika kitasa cha mlango.

"Mama, nipishe kidogo tu," Jofrey alisema. "Nitaukaza vizuri. Ukiushika hivyo utakuumiza."

"Usiingie."

"Mama, barabara ni mbaya..."

"Nimesema usimguse mwanangu! Shuka!"

Jofrey alirudisha mguu chini. Mama Hosea akapanua miguu yake, akauweka mtungi katikati, akaufunga kwa mikono yake miwili, vidole vikaumana nyuma ya chuma.

"Funga mlango," alimwambia Obed. "Twende."

Gari likaondoka polepole. Kupitia kioo cha nyuma Jofrey aliona kile kilemba cheusi kimelala juu ya mtungi. Kwenye korongo la kwanza gari liliruka, na kilemba nacho kikaruka, kikarudi palepale. Kutoka hapo mpaka lami kulikuwa na makorongo mengine mengi.