Kilemba Kwenye Picha ya Maziko

Kila asubuhi kabla ya kengele, Hermien alipangusa rafu ya vitabu kwa kitambaa kibichi, kisha akamsubiri Sandhia aje na bara mbili za moto, yale maandazi ya dengu, ili wale na kusengenya kidogo kabla watoto hawajaingia. Asubuhi hiyo kitambaa kilikuwa bado mkononi mlango uliposukumwa kwa goti. Sandhia aliingia amekumbatia sanduku. Nyuma yake alikuja Legini, mwalimu mpya, midomo ikimng'aa mafuta ya bara.

"Vitabu vya rafu hivyo, shoga!" Sandhia alisema akihema. "Jana mimi na Legini tumelipindua duka zima. Kila mtoto wako atajiona humu. Mjava, Mhindustani, Mchina, watoto wa kule mitoni, wote."

"Jana?"

"Si ulikuwa umechoka?"

Hermien hakuwa amechoka. Hakuulizwa tu. Tangu waanze kufundisha pamoja hapa Paramaribo, vitabu walichagua wao wawili, wameketi sakafuni mwa duka mpaka mwenyewe awafukuze. Alitabasamu, kama alivyozoea kila kitu kinapomchoma.

Legini alimfungulia kimoja. "Hiki cha Wakreoli, watu wako, dada Hermien. Nimekichagua mwenyewe. Tazama bibi alivyopendeza."

Bibi wa pichani alisimama kando ya jeneza la mumewe, analia. Kilemba chake, angisa, kilikunjwa ncha zikachomoza nyuma. Hermien aliinama kuitazama vizuri. Mikunjo alifundishwa na nyanya yake kabla hajajua kusoma. Kila mkunjo una neno lake, na huu unasema: waache waseme. Mwanamke huuvaa akipita makusudi mbele ya waliomsema. Hakuna mjane anayemzika mumewe na kilemba hicho.

"Kizuri," alisema. "Kizuri sana."

Saa nne mabibi wa watoto wangekuja kuizindua rafu ya vitabu vipya, na Legini ndiye angewasomea. Wangemcheka mpaka machozi, na Sandhia angejua alipaswa kwenda dukani na nani. Hermien alifundisha hesabu asubuhi nzima akilimumunya wazo hilo kama peremende.

Mabibi walifika, wakajaza mabenchi, vilemba vimepigwa wanga vikasimama. Mbele kabisa alikaa Bibi Wilhelmina, ambaye kwa ulimi wake hata mkuu wa shule humpitia mbali. Kisha Sandhia akasimama na kile kitabu mkononi.

"Legini anaona haya," alisema akicheka. "Nitawasomea mimi."

"Soma, binti!" Bibi Wilhelmina alisema. "Na picha uinue juu, macho yangu si ya jana."

Sandhia alisoma, akiinua kila picha. Jeneza lilikuwa linakaribia. Hermien alijikuta amesimama, amempokonya kitabu.

"Samahani, mabibi. Kuna ukurasa umechanika."

Akamvuta mwenzake hadi barazani.

"Una wazimu?" Sandhia alinong'ona.

"Huyo mjane kavaa 'waache waseme' mazikoni kwa mumewe. Wangekutafuna mzimamzima."

Sandhia alikichukua kitabu, akafungua, akatazama, akashika kichwa. "Mungu wangu! Umeona sasa hivi?"

"Asubuhi."

"Na ukasema kizuri?"

"Walimu!" Bibi Wilhelmina aliita kutoka ndani. "Huo ukurasa mnaushona au mnaufuma?"

Benchi zima liliangua kicheko. Sandhia hakucheka.

"Umekaa kimya, unanitazama nikienda kuaibika. Nimekukosea nini, Hermien?"

"Nilidhani atasoma yeye."

"Kwa hiyo yeye aaibike ni sawa? Kakufanya nini yule?"

Hermien alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa.

"Hajanifanya kitu. Ni wewe," alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka, mpaka ndani wakanyamaza. "Nilitaka unigongee mlango mimi. Hata kama nimechoka, hata kama nimelala. Nilitaka useme, Hermien, vaa viatu, twende. Nakuonea wivu, Sandhia. Sitaki uwe na mwingine."