Gauni Lililokwenda Mahafali

Jumanne ya wiki ya mwisho ya shule, Mama Kijiko alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda akitafuta soksi moja nyeupe. Ya pili alikuwa ameibana kwa meno. Nyuma yake alisimama mwanawe wa mwisho, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, akimweleza tena kwamba maigizo ya chekechea yanaanza saa tatu, na kwamba yeye ndiye jiwe.

"Jiwe halisemi kitu," alisema Kijiko. "Lakini linaonekana."

"Nitaliona, mwanangu," alijibu mama kupitia soksi.

Jina la Kijiko alipewa na mkunga, aliyetamka siku ile kwamba mtoto kama huyu hata kwenye kijiko anatosha. Tangu hapo alikuwa amekua kiasi, lakini jina halikukua naye. Dada yake, binti wa miaka tisa, alikuwa mezani akijisuka mwenyewe, maana mama yao wiki ile hakuwa na mikono ya kusuka mtu. Baba yao alikuwa mwokaji mikate. Alitoka jioni wengine wakirudi, akarudi asubuhi wengine wakitoka. Ndoa yao, kama alivyopenda kusema mwenyewe, ilikuwa ya mlangoni.

Gauni lilikuwa tayari. Lilikuwa la kijani, lenye mfuko mmoja na kola nyeupe, na Mama Kijiko alikuwa amelipiga pasi tangu jana na kulitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Alikuwa ameshashika kola yake simu ilipolia. Ni msimamizi wa kule kwa dobi alikopiga pasi, mtu ambaye wote walimwita Shemeji ingawa hakuwa ameoa kwa yeyote kati yao. Alisema nguo zimefika dirishani na zinaendelea kuja. Mama Kijiko alivaa ovaroli, akawafikisha watoto shuleni mbio mbio, akaenda kazini. Ndio msimu wenyewe huo. Mji mzima ulikuwa unahitimisha watoto, na hakuna mzazi mwenye uwezo aliyetaka kuhitimisha mwanawe na shati lenye makunyanzi.

Ilipokaribia saa tatu, gauni lilishuka kutoka kwenye msumari. Lilifunga kifungo cha juu, likafungua mlango. Baba, aliyekuwa amejitupa kitandani na unga bado kwenye nyusi, alifungua jicho moja akasema mlango ufungwe. Gauni liliufunga.

Mwalimu wa chekechea alilipokea vizuri. Alikuwa mwanamke mpana, sauti imemkauka kwa mwaka mzima wa kuita watu wasiosikia, na mambo kama haya alikuwa ameyazoea. Aliliketisha safu ya pili, mbali na dirisha, upepo usije ukalichukua. Pale palikuwa na aproni ya mpishi wa hospitali, kofia ya dereva wa lori, na sweta la muuguzi lililokuwa limekuja na vipini vyake vya nywele. Wazazi wenye miili walikaa mbele. Gauni lilitazama jiwe toka mwanzo mpaka mwisho, na jiwe lilipoinama, lilipiga makofi kwa mikono yake mitupu, sauti kama ya mtu anayekung'uta shuka.

"Gauni lilikuja," Kijiko aliripoti jioni.

"Lilikaa wima?"

"Mpaka mwisho."

"Afadhali," alisema mama, na kweli aliona afadhali. Alivua viatu, akalala na kijiko cha mboga mkononi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga hawakuwa na gauni lile.

Jumatano ilikuwa zamu ya binti mkubwa, aliyepewa zawadi ya usomaji bora. Gauni lilikwenda tena, na safari hii sweta la Baba likalifuata. Binti alirudi na zawadi yake kwapani na uso umemshuka.

"Mama, sweta la Baba lilikoroma."

"Livumilie tu. Halijalala tangu Jumapili."

"Wakati natajwa jina?"

Mama alimfungua nywele zote, akakaa akamsuka upya, ingawa ilikuwa saa ya kuosha vyombo. Vyombo vililala vichafu.

Alhamisi jioni alilitandaza gauni mezani alipige pasi kwa ajili ya kesho yake. Kutwa nzima alikuwa amepiga pasi nguo za watu, na sasa alikuwa anaipiga pasi nguo iliyokuwa imetembea kuliko yeye. Pasi ilipopita juu ya mfuko iligonga kitu kigumu. Aliingiza vidole, akatoa jino. Lilikuwa jino la mbele, dogo, jeupe, la utoto.

Alimwita Kijiko, akamwambia afumbue mdomo. Pengo lilikuwepo, tena lilikuwa limeshaanza kupona.

Jino lile lilikuwa limecheza muda mrefu. Mama alikuwa amemwahidi kuling'oa yeye mwenyewe, kwa uzi, kama yeye alivyong'olewa na mama yake, na baadaye wangekula kitu kitamu.

"Limetoka lini?"

"Juzi, baada ya mimi kuwa jiwe. Gauni lilivuta."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia," alisema Kijiko. "Ulikuwa umelala na kijiko."

Mama Kijiko alilishika lile jino na akaona wivu. Niseme ukweli: halikuwa jambo la kusikitika kwa upole. Ulikuwa wivu mkali, wivu wa uke wenza, na mke mwenza mwenyewe alikuwa amelala mezani mbele yake, kola imenyooka, hana hata jasho. Angeweza kuliunguza. Pasi ilikuwa mkononi.

Hakuliunguza, kwa sababu hakuwa na gauni jingine.

Kesho yake ndiyo ilikuwa mahafali yenyewe. Shule ile ilikuwa na desturi yake. Mtoto anayemaliza chekechea hashuki jukwaani kwa ngazi. Anaitwa jina, anasogea mpaka ukingoni na joho lake, anamtafuta aliyemjia, na anaruka. Aliyemjia anamdaka chini. Hapo ndipo watu husema amemaliza. Kijiko alikuwa amefanya mazoezi ya kuruka kutoka kwenye kiti, kwenye meza, na mara moja, akakemewa, kutoka kwenye kabati.

"Kesho nitakudaka mimi," alisema mama. "Mimi mwenyewe."

"Na gauni?"

"Nitalivaa."

Kijiko alilifikiria jambo hilo. "Sawa," alisema. "Kama mtatosha."

Ijumaa Mama Kijiko aliamka akalivaa gauni, na juu yake akavaa ovaroli, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni ili lisipate pa kutokea. Alifika kwa dobi kabla ya wote. Alinyoosha majoho ya chekechea, mengine marefu mengine mafupi, shule ikaja kuyachukua. La Kijiko alilijua kwa pindo, alikuwa amelipunguza yeye. Halafu akageukia magauni ya hariri na suti za shule ile nyingine, ya kule juu, ambayo mahafali yake yalikuwa mchana. Alipiga pasi kama mtu anayefukuzwa. Saa tatu na nusu gauni lilianza kumvuta kiunoni kuelekea mlangoni. Alimfuata Shemeji.

"Shemeji, nipe saa moja tu. Mwanangu anaruka leo."

"Mama Kijiko, hapa kila mtu ana mtoto anayeruka."

"Nimemwahidi."

Shemeji hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ilipokuwa shida. Mtu mbaya ungemtukana ukaondoka zako. Alijikuna kidevu. "Gauni lako si lilikwenda Jumanne?"

"Lilikwenda."

"Na Jumatano? Lilikutia aibu yoyote?"

"Hapana."

"Basi liache liende, wewe ubaki. Huku tunataka mikono, kule wanataka nguo." Alifungua kola ya koti lake la kazi kumwonyesha. Ndani alikuwa na fulana tu. "Mimi shati langu liko kwa binti yangu tangu asubuhi. Unadhani mimi sina moyo?"

"Gauni halina mikono ya kudakia mtoto, Shemeji."

Shemeji alilipima jambo hilo kwa haki kabisa. "Litajitahidi," alisema.

Mama Kijiko alienda nyuma ya vyuma vya kutundikia nguo, akavua ovaroli, akavua gauni. Alilifunga vifungo kimoja kimoja. Lilisimama mbele yake likisubiri, na yeye amebaki na shimizi, joto la mvuke likimpiga mgongoni.

"Mdake kwapani," aliliambia. "Usimshike mikono, mkono wake wa kushoto hauchelewi kuteguka. Na ukimdaka usimwachie haraka. Yeye hupenda kukaa kidogo."

Gauni lilitoka kwa mlango wa wafanyakazi. Pale barabarani lilisimama, likageuza kola kushoto na kulia, likavuka.

Alivaa tena ovaroli, akarudi kwenye pasi. Alinyoosha blauzi ya mtu, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Blauzi ilikuwa laini kiasi kwamba haikuweza kushika hata pini, na aliiangalia mikono yake miwili ikining'inia pembeni ya meza bila chochote ndani. Aliona vile mtoto anavyopita katikati ya nguo kama hiyo na kufika sakafuni. Alizima pasi, maana hata siku hiyo hakuwa mtu wa kuacha pasi inawaka, akatoka kwa mlango ule ule bila kuaga. Nyuma alimsikia Shemeji akiita "Mama Kijiko!" mara moja, halafu akinyamaza.

Alikimbia. Ovaroli ilikuwa nzito, viatu vya kazi vilikuwa vya kusimamia na si vya kukimbilia, na kifua kilimuuma. Mlangoni mwa ukumbi mlinzi alimnyooshea mkono.

"Majoho bado wameyavaa," alimwambia. "Subiri wamalize ndio uyachukue."

Hakuwa na pumzi ya kujibu. Juu ya vichwa vya watu alimwona Kijiko ukingoni mwa jukwaa, kofia ya mahafali imemfunika sikio moja, pengo nje. Chini yake gauni la kijani lilikuwa limenyoosha mikono yake. Mwalimu alitaja jina. Kijiko hakuangalia huku wala huku. Aliruka.

Mama Kijiko, kule mlangoni, na ukumbi mzima ukiwa katikati, alinyoosha mikono.

Gauni lilimdaka. Lilimdaka kwapani kama lilivyoagizwa, likapinda kidogo kiunoni, likajinyoosha. Halikumwachia haraka. Watu walipiga makofi, aproni ikapiga makofi, kofia ya dereva ikarushwa juu, au ilijirusha. Kijiko aliweka kidevu kwenye bega la gauni, na hapo ndipo alipomwona mama yake. Alimpungia mkono, kwa furaha na adabu, kama anavyompungia jirani.

"Unamfahamu?" aliuliza mlinzi.

"Ni mwanangu."

Mlinzi alimtazama, akamtazama Kijiko, akatazama gauni. "Hongera," alisema. "Amefanana sana na mama yake." Na alikuwa anatazama gauni bado.

Alirudi kazini kwa miguu, hakukuwa tena na cha kukimbilia. Shemeji hakumgombeza. Alikuwa amepata wazo, na mtu mwenye wazo hana muda wa kugombeza. Kabla ya kufunga aliwakusanya wote akatangaza kwamba kuanzia sasa mwenye jambo la shule alete nguo yake asubuhi mapema, itapigwa pasi bure, iende ikiwa safi. Kwa hiyo mambo ya kuomba ruhusa yamekwisha, na hakuna tena wa kutoroka. Wafanyakazi walipiga makofi. Ilikuwa mara ya kwanza kupewa kitu bure mahali pale. Mama Kijiko naye alipiga, alipoona wengine wanapiga.

Jioni Kijiko alikataa kulala. Alikuwa amechoka mpaka anayumba, lakini alisimama nyuma ya mlango akilitazama gauni kwenye msumari wake, na kila akibebwa kwenda kitandani alilia na kurudi. Alitaka kulala nalo.

Mama alilitoa msumarini, akalivaa, akajilaza kitandani kando yake. Kijiko alinyamaza papo hapo. Alipanda kifuani, akanusa kola.

"Linanuka mvuke," alisema.

"Ni mimi, mwanangu."

"Najua," alisema Kijiko. "Lakini nyamaza. Gauni haliongei."

Akanyamaza. Mtoto akaanza kusimulia, taratibu, mdomo ukiwa karibu na kifungo cha juu. Alisema jukwaa lilikuwa refu kuliko kabati. Alisema kofia ilimwasha. Alisema mwenzake mmoja aliruka, aliyemjia alikuwa kofia tu, akaanguka, lakini hakulia.

"Na mimi nilijua mama hatakuja," alisema. "Usimwambie."

Mama Kijiko hakumwambia mtu. Alilala macho, mkono ukiwa juu ya mgongo mdogo, mpaka pumzi ya mtoto ikawa nzito.

Alfajiri Jumamosi alifungua vifungo polepole, akajichomoa ndani ya gauni bila kumwamsha, akaliacha pale pale. Mkono mmoja wa gauni ulijikunja, ukamfunika Kijiko bega. Mama alivaa ovaroli, akachukua viatu mkononi. Mlangoni alipishana na mumewe akiingia, unga kwenye nyusi, mkate wa moto kwapani.

"Nani yuko na mtoto?" aliuliza Baba.

"Gauni."

"Haya," alisema Baba, akampa kipande cha mkate, akaingia kulala.