Kimya cha Bi Genovaite

Jana usiku niliota nimo ndani ya filamu ninayoiingizia sauti.

Kazi yangu ndiyo hiyo. Zinakuja filamu za maisha ya kweli kutoka Lithuania, za wachoraji, waandishi na wapiganaji wa msituni waliopambana na wanajeshi wa Kisovieti, nami nazisemea kwa Kiswahili. Mchoraji ni mimi, mjane wake ni mimi, profesa ni mimi. Nikirudi nyumbani hakuna wa kunisemesha. Tangu afariki mke wangu, Mwanaheri, redio yangu haizimwi usiku wala mchana, maana kimya cha nyumba ile kinanishinda.

Studio tuna kanuni mbili. Msimulizi haonekani. Na kimya hakiruhusiwi, mtazamaji atadhani televisheni imeharibika. Mtu akinyamaza, mjazie.

Basi, ndotoni sionekani. Ni sauti tu. Suruali yangu imebaki studio, inalinda kiti. Naelea jikoni kwa Bi Genovaite, yule bibi wa kwenye filamu ambaye akiulizwa kaka yake Povilas alijificha wapi, hunyamaza kitambo kirefu akitazama jiko. Pale ndipo nilipomjazia maneno matamu ya kuliza watu.

"Wewe ndiye unayepiga domo kwenye kimya changu?" ananiuliza.

"Ndimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa funga mdomo. Povilas yumo humo."

"Humo wapi?"

"Kwenye kimya. Nimemficha humo tangu usichana wangu. Kila ukisema, wanajeshi wanajua pa kuchimba."

Maikrofoni, iliyoning'inizwa pamoja na vitunguu, inakohoa kwa adabu. "Mzee, kanuni ni kanuni. Sema chochote. Hata hali ya hewa."

Nje, buti zinakaribia. Nataka kunyamaza, lakini mimi ni sauti tu, nikinyamaza, sipo. Namweleza bibi hivyo. Naogopa kweli, wala si mzaha.

"Hata mimi niliogopa," anasema. "Ingia tu. Humo mna nafasi."

Nanyamaza.

Jiko linatoweka. Niko gizani chini ya ardhi, pananukia utomvu wa misonobari. Kijana mwenye koti la viraka anasogea kunipisha kwenye benchi. Ndiye Povilas. Kando yake ameketi Mwanaheri na kanga yake ya kijani, anamenya viazi.

"Umechelewa," ananong'ona. "Lile lidude lako linabwata usiku kucha. Nakuita, husikii."

Nataka kumjibu. Povilas ananiwekea kidole mdomoni. Buti zinapita juu yetu, zinakwenda zao. Tunakaa hivyohivyo, hakuna anayesema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba siko peke yangu.

Kisha Povilas anainuka, anajifuta mikono kwenye koti. "Ngoja nikalizime," anasema.

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka na nyumba ilikuwa kimya. Redio imezimwa. Niligusa kitufe chake, kidole kikanata. Nilinusa: utomvu.

Kazini nitawaambia wafute maneno yangu yote ya pale jikoni. Wakikataa, watafute sauti nyingine.

Redio sikuiwasha. Nilisogea upande wangu wa kitanda, nikauacha ule mwingine wazi, nikatega sikio.