Wivu wa Hosea Lockett

Baba yangu, Hosea Lockett, aliwaonea wivu watu wote wa kisiwa chetu cha Galveston, na zaidi wale waliokuwa na shida. Mwenye shida alimpata Mama saa yoyote. Mwanamume mzima, mwenye afya na kazi yake, ilibidi asubiri.

Alikuwa kuli bandarini, mtu wa mabega mapana aliyeweza kulisukuma robota la pamba huku akisimulia kichekesho. Alimpata Mama kwenye mnada wa vikapu kanisani. Wasichana walipika, wakafunga vikapu kwa utepe, na vijana wakanunua bila kujua nani kapika nini. Baba alijua. Alikuwa amempa mdogo wake Mama peremende ili amwambie rangi ya utepe. Kijana mwingine alipozidi kupandisha bei, Baba alivua saa yake akaiweka mezani.

Miaka ya mwanzo Mama alikuwa wake peke yake. Alimngoja barazani jioni, akamkanda mabega kwa mafuta ya kafuri, akacheka kila alichosema.

Kisha wanafunzi wa shule yetu ya sekondari waliingia katika duka moja la katikati ya mji, wakaketi kwenye viti vya kaunta ambavyo mtu mweusi hakuruhusiwa kuvikalia, wakaagiza soda. Hawakupewa, nao hawakuondoka. Habari zilipofika upande wetu, kaskazini mwa barabara ya Broadway, Mama alifunga mikate ya samaki kwenye karatasi, akasema anawapelekea watoto chakula na atarudi baada ya saa moja. Alipofika akaona kiti kimoja kiko wazi, akakikalia.

"Mpaka leo sijamwona akirudi," Baba alikuwa akisema.

Tangu siku ile nyumba yetu haikuwa na kufuli. Mama aliandikisha watu kupiga kura, aliwachangia dhamana waliokamatwa kwenye maandamano, alipeleka chakula kwa wazee, alitafutia watoto wa watu nafasi za chuo. Mimi, mtoto wake wa pekee, nilizoea kuamka na kumkuta mgeni akinywa kahawa kwa kikombe changu. Baba hakuzoea.

Jumapili moja tulikuwa kanisani, akapita mwanamume tusiyemjua akikusanya sadaka, kavaa suti ya buluu. Baba aliitazama ile suti tangu ilipotoka mbele mpaka ikatupita.

"Letha," alimnong'oneza Mama, "yule mtu kavaa suti yangu ya harusi."

"Anaitwa Otis Fears. Katoka gerezani juzi. Angeendaje kuomba kazi na yale matambara?"

"Ungeniuliza."

"Ungekubali?"

"Ningekubali. Lakini ungeniuliza."

"Haya, nakuuliza. Nimpe?"

Shemasi aliyekaa mbele yetu alitikisika mabega kwa kicheko. Baba hakucheka. Njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea hatua chache mbele yetu, mikono mfukoni.

Wenzake wa bandarini hawakumsaidia. Walicheza dhumna nyuma ya duka la kinyozi, na mmoja wao, Prater, alikuwa na ulimi kama wembe.

"Hosea, umekonda. Mkeo analisha mji mzima, wewe anakulisha nani?"

"Cheza."

"Nasikia yule wakili wa Houston kapiga simu tena. Kijana nadhifu. Viatu vyake ni kioo, unaweza kujinyolea ndevu."

"Prater, cheza, la sivyo nitakumezesha hiyo sita kwa sita."

Wakili huyo, aliyewatetea waliokamatwa kwenye maandamano, aliitwa Everett Coles, na hakuwa na mke. Alipiga simu asubuhi, akapiga na jioni, na kila mara alisema kwa adabu, "Kaka Lockett, samahani, nampata Dada Arletha?" Adabu ile ndiyo iliyomchoma Baba zaidi.

Jumamosi moja Mama alipanda basi kwenda mkutanoni Houston. Baba alimwachia Prater zamu yake, akawasha gari, akalifuata lile basi kwa mbali. Aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwamba njia nzima alikuwa akipanga atakavyomshika wakili kola ya shati na maneno atakayomwambia. Mama aliposhuka, aliingia katika kanisa dogo la matofali. Baba akazunguka nyuma, akachungulia dirisha la chumba cha chini.

Wakili Coles alikuwa pembeni anapanga viti. Aliyesimama mbele ya watu alikuwa Mama, anazungumza.

"Mwanangu," Baba aliniambia, "sauti ile sikuwahi kuisikia. Nyumbani mama yako anasema taratibu, 'Hosea, nipe chumvi.' Pale watu walikuwa wanainuka vitini. Akasema jambo, wote wakacheka, naye akacheka mpaka akashika meza. Nikajiuliza, kichekesho hicho mbona mimi sijawahi kuambiwa?"

Angemkuta na mwanamume angejua la kufanya. Lakini chumba kile kilijaa wanawake wa kufua nguo, wapishi, wazee wenye bakora, na haki waliyokuwa wakiidai hata yeye aliidai kila siku bandarini kwa kusaga meno. Angemshika nani kola? Alirudi Galveston peke yake, na Mama aliporudi hakumwambia kitu.

Ila baada ya hapo alikuwa mkali. Mtu akibisha hodi, Baba aliinua gazeti likamfunika uso. Mama akisimulia mambo ya mkutano, yeye alianza kusimulia mambo ya meli. Alianza kula kwa kinyozi.

Mwaka uliofuata, siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, alijirudi. Alitoka kazini mapema na kamba wabichi, akafunga aproni ya Mama, akapika mchuzi mzito wa bamia kama alivyofundishwa na mama yake. Mama alikuwa amejilaza chumbani. Mimi nilikuwa mezani na hesabu zangu za shule. Simu ikalia.

Nilimsikia wakili hata pale nilipokaa, kwa jinsi alivyopaza sauti kwa haraka. Gavana amekubali kuonana na ujumbe wa watu weusi wa pwani, kesho asubuhi, ofisini kwake Austin. Wote wamekubaliana Dada Arletha awe msemaji. Gari la kuja kumchukua liko tayari.

"Hayupo," Baba alisema.

"Kaenda wapi, Kaka Lockett? Tutamfuata hukohuko."

"Sijui. Kaenda kwa watu. Si mnaijua tabia yake?"

Akakata simu. Akarudi kukoroga chungu. Macho yetu yalikutana, nami nikainamia hesabu zangu.

Ujumbe ulikwenda bila Mama. Msemaji akawa mwanamke wa Beaumont, Hattie Broussard, na picha yake akipeana mkono na gavana ilitoka gazetini. Baadaye mwanamke huyo aliitwa kila mahali kuzungumza. Picha ile ilitiwa fremu ikatundikwa kwenye ukumbi wa kanisa letu, ukuta wa kulia. Baba akahamia kukaa kushoto.

Mama hakuwahi kulalamika. Aliendelea na kazi yake. Watoto aliowatafutia vyuo wakawa walimu na wauguzi, wakarudi na watoto wao. Wazee aliowapelekea chakula wakafa, wakaja wazee wengine. Baba alistaafu. Alitarajia kwamba sasa, angalau, wataketi wote wawili barazani. Mama aliketi naye mpaka mtu wa kwanza alipopita barabarani akimwita.

Alipokuwa na miaka sabini na kitu, kanisa na watu wa mtaa waliamua kwamba ukumbi uitwe kwa jina lake. Walichagua tarehe kumi na tisa ya Juni, siku ambayo babu zetu wa kisiwa hiki walitangaziwa kuwa si watumwa tena, habari ikiwa imechelewa zaidi ya miaka miwili. Ndiyo sikukuu yetu kubwa. Tangu alfajiri moshi wa nyama ulitanda mtaa mzima, na madebe ya kinywaji chekundu yalipangwa kwenye barafu.

Macho ya Mama yalikuwa yameanza kufifia na hakuweza tena kuendesha gari. Baba alitakiwa ampeleke. Asubuhi ile alisema tairi halina upepo. Halafu akasema tumbo. Halafu akasema, "Nendeni nyie. Ukumbi ni wake. Mimi nitakuja kula."

"Baba," nilimwambia, "leo usinifanyie hivyo."

"Wewe nakufanyia nini? Nyumba walichukua, suti walichukua, sasa wanachukua na jina langu wanalibandika ukutani. Lockett ni mimi."

Hata hivyo alivaa. Mama aliketi mbele na kofia yake nyeupe, mimi nyuma na pai ya viazi vitamu mapajani. Tulipokaribia kanisa, Baba alipunguza mwendo.

"Letha, kuna jambo. Watakukalisha chini ya ile picha ya gavana, na mimi siwezi kukaa nakutazama pale bila kukuambia."

"Simu ya wakili," Mama alisema.

Baba aliegesha gari kando ya barabara.

"Nani kakuambia?" Alinitazama kwenye kioo. Nikatikisa kichwa.

"Hosea, chumba chetu na jikoni vimetenganishwa na ubao. Nilisikia neno kwa neno. 'Hayupo.'"

"Na hukutoka?"

"Nilivua viatu nikajilaza vizuri."

Baba alizima injini.

"Nilikuwa nimechoka," Mama alisema. "Mwezi mzima sikuwa nimekaa kitako. Nikasema, kama mume wangu kasema sipo, basi sipo. Hattie aende, naye ana mdomo. Nililala usingizi mtamu, nikaamka nikala bamia."

"Meno yameng'oka nimebeba dhambi hii. Nusu ilikuwa yako?"

"Nusu ni nyingi. Uongo ulisema wewe."

"Miaka yote hii nakaa kushoto, chini ya feni mbovu, shingo inaniuma."

"Nami nilikuwa najiuliza pale unapapendea nini."

Baba alipiga usukani kwa kiganja, mara moja, si kwa nguvu. Alikuwa na hasira kweli. Mishipa ya shingo yake ilikuwa imetuna. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Unajua kwa nini nilifanya vile? Haikuwa kwa sababu ya wakili."

"Najua haikuwa wakili. Uliwaonea wivu watu. Hata wagonjwa, Hosea. Hata watoto."

"Nilikuja Houston. Nilikuona. Ulikuwa unacheka."

Hilo Mama hakulijua. Aligeuka akamtazama kwa yale macho yake yasiyoona vizuri.

"Ulifika mpaka pale ukarudi?"

"Hukunialika."

"Mimi nani alinialika? Ungeingia, mume wangu. Kulikuwa na viti."

Watu walikuwa wanapita na watoto mabegani, wanatupungia. Nikasema pai itaharibika, na Baba akawasha gari.

Ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Mama alipopanda jukwaani hakuzungumza sana. Alisema babu wa bibi yake alikuwa shambani siku habari ya uhuru ilipofika, na tangu utotoni aliambiwa kwamba mwenye habari njema hana ruhusa ya kukaa nayo. Akasimulia jinsi karani mmoja wa uchaguzi alivyotaka kumzuia kujiandikisha, akamnyooshea katiba na kumuuliza kama ataweza kuisoma. "Nikamwambia nitaweza, bwana, ukiigeuza. Umeishika juu chini."

Watu walicheka. Baba, aliyekuwa safu ya mbele kando yangu, alicheka kuliko wote, akachelewa kunyamaza, hadi watu wakamtazama. Mama hakumtaja katika hotuba yake, wala hakumshukuru. Nilimwona Baba akingoja kutajwa, na nikaona alipojua kwamba hatatajwa. Aliuma mdomo. Kisha watu wakasimama kupiga makofi, naye akasimama.

Kuanzia wiki ile ikawa kawaida yake kumwendesha Mama kila Alhamisi akipeleka chakula kwa wazee. Mwanzoni alibaki ndani ya gari na redio ya mpira wa besiboli. Halafu akaanza kubeba vyungu, kwa kuwa Mama alijikwaa ngazini. Halafu akaanza kuingia. Usidhani wivu ulimtoka. Mtu akimshika Mama mkono muda mrefu, Baba alikohoa.

Miongoni mwa wazee hao alikuwa mjane mmoja, Corinne Batiste, mwanamke wa New Orleans mwenye sauti nzito, aliyepaka rangi ya mdomo hata akiwa kitandani. Alhamisi moja nilikuwa nao. Mjane alipomwona Baba na chungu mkononi, alijiinua kwenye mto.

"Arletha, huyu mtu umemficha wapi siku zote? Tazama mabega. Njoo kaa hapa, Bwana Lockett, unisimulie bandari."

Baba alikaa. Alimsimulia robota lililoanguka baharini na nahodha aliyelirukia. Mjane alicheka, akampigapiga goti, akaomba kisa kingine. Baba akampa kingine. Mama alisimama mlangoni na mkoba wake, akasema wazee wengine wanangoja, akasema tena.

Ndani ya gari Mama aliukumbatia mkoba wake mpaka tulipofika Broadway.

"Wiki ijayo," alisema, "kwa Corinne atakwenda Vernell."

Vernell ni mimi. Nilisema sawa.

"Kwa nini asiende dereva wa siku zote?" Baba aliuliza. "Mama wa watu ana shida."

"Hosea, endesha gari."

Baba akaendesha. Alishusha kioo, akatoa kiwiko nje, akaanza kupiga mluzi, taratibu, kama mtu asiye na pa kuwahi.